Mtoto Anayelala Mno Siku ya Kwanza

Leo tunazungumza nawe mama mjamzito, na wewe baba, na bibi atakayempokea mtoto nyumbani.

Mtoto akiwa tumboni hupata sukari kupitia kitovu, usiku na mchana. Kitovu kikikatwa, chakula hicho kinakoma papo hapo. Mtoto aliyetimiza miezi yake ana akiba mwilini ya kumvusha mpaka maziwa yaongezeke. Njiti, au mtoto wa chini ya kilo 2.5, ana akiba ndogo mno. Mtoto wa mama mwenye kisukari naye yumo hatarini, hata akizaliwa mnene. Unene usikudanganye.

Sukari ikishuka mno, ubongo unaweza kuumia. Mtoto hutetemeka, hulegea, hupoa mwili, hanyonyi vizuri wala haombi ziwa. Mwingine haonyeshi dalili, amelala tu, na majirani wanasema: “Mwacheni, ni mpole.” Usimwache.

Mliotoka ukanda wa ziwa, kati ya Bujumbura na Rumonge, mnaijua Kabezi. Mwaka 2006 Madaktari Wasio na Mipaka walianza pale huduma ya dharura ya uzazi bila malipo, na gari la wagonjwa liliwafuata akina mama kwenye vituo vya afya. Njiti wengi walipona pale bila mitambo ya hospitali kubwa. Walipewa joto la kifua cha mama, maziwa yake, na uangalizi wa wauguzi.

Joto hilo na maziwa hayo unayo hata hapa kambini. Mkaushe mtoto, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike, anyonye ndani ya saa moja. Yale maziwa ya kwanza ya njano usiyamwage. Machache hayo ndiyo anayohitaji. Maji ya sukari hayachukui nafasi yake. Mtoto mdogo mwamshe kila baada ya saa mbili au tatu, hata usiku. Akishindwa kunyonya, kamua kwenye kikombe safi, umnyweshe taratibu, kisha nendeni zahanati.

Muulize muuguzi kama anaweza kumpima sukari. Ni tone la damu kutoka kisiginoni. Ikiwa chini, atapewa maziwa au dripu. Lakini mtoto akipata degedege au asipoamka kabisa, usimnyweshe chochote, atapaliwa. Mbebe kifuani ndani ya nguo zako, si mgongoni, na mtu mwingine atangulie kuwaamsha wahudumu.