Reli, Sufuria na Ufuta: Biashara Yetu na China kwa Macho ya Bonde la Kilombero

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Kivukoni, Ifakara



Kamati imenipa dakika 20 na mada ndefu: biashara ya bidhaa baina ya nchi mbili. Niliposoma barua yao nilijiambia kuwa hawa wanataka watu wasinzie kabla ya pilau. Lakini baada ya kuifikiri nimeona kwamba mada hii ni ya hapa hapa petu. Mtu wa bonde hili akitaka kujua nchi mbili zinavyofanya biashara hana haja ya kwenda mbali. Na aende stesheni, aitazame reli.

Nitazungumzia Tanzania na China. Nitaeleza mambo matatu: namna bidhaa zilivyosaidia kuijenga reli ya TAZARA, hali ya biashara hiyo ilivyo siku hizi, na kazi inayotungoja sisi watu wa Kilombero, Malinyi na Ulanga.

Jambo la kwanza: reli. Vijana mmefundishwa kwamba reli hii ilijengwa kwa sababu ya ukombozi. Ni kweli. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo haina bahari, ikawa inapitisha shaba yake mikononi mwa watu wasioitakia mema. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi walikataa kutoa fedha. Walisema reli hiyo haitalipa. China ilikubali. Mkataba wa kwanza ulitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Wa mkopo ulifuata Julai 1970: Yuan milioni 988, bila riba, zilipwe kwa miaka 30 baada ya muda wa kupumua, Tanzania na Zambia zikigawana deni nusu kwa nusu. Ujenzi ulianza rasmi Oktoba 1970, na Julai 1976 reli ikakabidhiwa: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, 975 kati ya hizo zikiwa katika ardhi yetu.

Hayo yamo vitabuni. Lisilosemwa mara nyingi ni hili: mshahara wa kijana wa Mang'ula au Mlimba aliyebeba mataruma ulitoka wapi? China ilikuwa na mafundi, vyuma, vichwa vya treni na mabehewa. Haikuwa na shilingi za Tanzania, na wakati ule haikuwa nchi tajiri ya kumwaga fedha za kigeni. Lakini kijana wa Mlimba hawezi kulipwa kwa Yuan. Akaifanyie nini dukani Ifakara?

Dawa iliyopatikana ilikuwa bidhaa. China ilituletea kwa mkopo bidhaa za kawaida: nguo, baiskeli, vyombo vya jikoni, tochi na kadhalika. Kwa upande wetu zilipokelewa na Shirika la Biashara la Taifa, lile lililojulikana kwa herufi STC, ambalo mwaka 1973 liligawanywa na kuzaa makampuni ya biashara ya mikoa. Bidhaa ziliuzwa madukani kwa shilingi, na shilingi zile ndizo zilizolipa gharama za ndani za ujenzi: mishahara, chakula, mbao, kokoto.

Tuseme mama mmoja wa Ifakara alinunua sufuria ya Kichina mwaka 1972. Shilingi zake zilirudi serikalini, zikapelekwa kwenye ujenzi, zikamlipa kijana aliyekuwa akichimba handaki kule juu ya Mlimba. Kijana akatuma sehemu nyumbani. Nyumbani wakanunua chumvi, mafuta ya taa na labda sufuria nyingine. Basi wazee wenu waliijenga reli ile mara mbili: kwa mikono na kwa kununua. Kipande cha Mlimba hadi Makambako peke yake kina mahandaki 18. Na tusiwasahau mafundi wa Kichina zaidi ya 60 waliofia kazini katika nchi ambayo si yao.

Hapa wanafunzi wa biashara washike kalamu. Mpango ule ulikuwa na uzuri wake: haukuhitaji dola. Lakini ulikuwa na masharti yake pia. Kwanza, bidhaa zilipaswa kununuliwa na watu. Sufuria isiyouzika haimlipi mtu mshahara. Pili, nchi iliyoingia katika mpango wa namna hii inafungwa kununua kutoka upande mmoja, hata kama kitu kile kile kipo kwingine kwa bei nafuu. Tatu, bidhaa za nje zikijaa madukani, viwanda vichanga vya nyumbani hubanwa. Na tukumbuke kwamba kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968, nacho kilijengwa kwa msaada wa China hiyo hiyo. Mkono mmoja ulitupa kiwanda, mkono wa pili ukatuletea vitambaa. Silaumu, naeleza jinsi biashara ilivyo. Hata baina ya marafiki, kila bidhaa inayoingia ina mtu inayemsaidia na mtu inayemsukuma pembeni.

Baada ya reli kumalizika, treni ilifanya jambo ambalo waliochora ramani hawakuliwekea mkazo. Walifikiri juu ya shaba kwenda bandarini na mizigo ya Zambia kurudi. Lakini treni ya abiria ilisimama Kidatu, Mang'ula, Ifakara, Mngeta, Chita na Mlimba, na watu wakapanda na magunia ya mpunga, mikungu ya ndizi na matenga ya samaki. Reli ya nchi mbili ikawa soko la bonde. Wengi kati yetu tuliolipiwa ada za shule tulilipiwa na magunia hayo.

Jambo la pili: hali ya siku hizi. Biashara yetu na China sasa haifanani hata kidogo na ile ya STC. Hakuna shirika moja linaloagiza. Mfanyabiashara wa Kariakoo anapanda ndege hadi Guangzhou, au anaagiza kwa simu, na kontena linashuka bandarini. Tazama hapa Kivukoni. Pikipiki inayokuleta, pawatila inayolima shamba, mashine ya kukoboa mpunga, paneli ya sola juu ya bati, simu iliyo mfukoni: uliza vilikotengenezwa.

Kwa takwimu za forodha ya China, mwaka 2022 biashara ya nchi hizi mbili ilipita dola za Marekani bilioni 8. Katika hizo, mauzo yetu sisi kwao hayakufika hata bilioni moja. Maana yake ni kwamba makontena huja yamejaa, na mengi yakirudi yana hewa.

Wapo wasemao: basi tuache kununua kwao. Sikubaliani nao. Pawatila si anasa. Mkulima aliyekuwa akilima ekari mbili kwa jembe la mkono na sasa analima tano hakupoteza kitu kwa kununua chombo cha Kichina. Nakisi katika biashara na nchi moja si dhambi peke yake. Waweza kununua kwa Mchina na kumwuzia Mkenya. Swali la kujiuliza ni je, tunachonunua kinatuongezea uwezo wa kuzalisha? Pawatila ndiyo. Ndoo ya plastiki inayopasuka baada ya wiki tatu, hapana.

Na wapo wasemao: mlango wa China umefungwa kwa ushuru. Nalo si kweli tena. Tangu tarehe 1 Desemba 2024, China imefuta ushuru wa forodha kwa bidhaa za nchi zenye maendeleo duni zilizo na uhusiano nayo wa kibalozi, na Tanzania imo. Soya yetu iliruhusiwa kuingia huko mwaka 2020. Parachichi liliruhusiwa Novemba 2022. Ufuta tunawauzia tangu zamani, na China ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote duniani wa zao hilo.

Sasa nawaomba wanafunzi mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo wengi hujikwaa. Kufutwa ushuru hakumaanishi kwamba gunia lako litapokelewa. Ushuru ni mlango wa kwanza tu. Nyuma yake ipo mingine mitatu.

Mlango wa kwanza wa nyuma ni afya ya mimea. Shehena lazima iwe na cheti kuonyesha kwamba haina wadudu wala magonjwa yaliyokatazwa. Kwetu kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Ufuta uliokaushwa juu ya mchanga, au uliohifadhiwa katika gunia lililokuwa na mbolea, hauna njia ya kupita hapo.

Mlango wa pili ni cheti cha uasili, kinachothibitisha kwamba bidhaa ni ya Tanzania kweli. Bila karatasi hiyo msamaha wa ushuru haukuhusu, hata kama ufuta umelimwa na bibi yako.

Mlango wa tatu ni mgao. Mchele, mahindi, sukari na pamba zimo katika orodha ya bidhaa ambazo China huziwekea kiasi maalumu kwa mwaka. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba mchele wa Kilombero utaifuta nakisi yetu na China, mwambieni asome kwanza. Soko la mchele wetu liko Dar es Salaam, na kwa majirani zetu wa Kenya, Uganda na Rwanda. Kila bidhaa ina nchi yake.

Jambo la tatu: kazi yetu. Septemba 2024, mbele ya Marais wa nchi tatu, ilitiwa saini Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Septemba 2025 ukafuata mkataba wa dola bilioni 1.4 na kampuni ya Kichina, itakayoikarabati na kuiendesha kwa miaka 30. Reli hii iliundwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka. Mwaka 2014/15 ilibeba tani zisizofika 90,000. Ikirudi kwenye nguvu zake, treni ndefu za shaba zitapita hapa usiku na mchana.

Zitapita, au zitasimama? Hilo ndilo swali letu, ndugu zangu. Treni ya mizigo husimama penye mzigo. Haisimami kwa kuwa watu wa mahali hapo ni wema, au kwa kuwa wazee wao waliijenga. Ikiwa katika stesheni ya Ifakara hakuna ghala lenye ufuta safi uliopimwa na kupangwa madaraja, tani za kutosha kujaza mabehewa, treni itapiga honi na kwenda zake. Watoto wetu wataipungia mkono tu.

Tena kuna hatari ya upande wa pili, nami sitaificha. Bonde hili ni ardhi oevu iliyotambuliwa kimataifa tangu mwaka 2002. Maji ya Mto Kilombero ndiyo sehemu kubwa ya maji ya Rufiji, na huko ndiko liliko Bwawa la Julius Nyerere linalotupa umeme. Soko likifunguka, tamaa nayo hufunguka. Mtu atakata msitu na kulima hadi ukingoni mwa mto ili apate magunia kumi zaidi. Tukiuza ufuta na kuupoteza mto, tutakuwa tumeuza nyumba ili tununue mlango. Yatupasa tuvune zaidi katika ekari ile ile kabla ya kuitafuta nyingine.

Napendekeza basi mambo matatu, yote madogo. La kwanza: shule itenge nusu ekari ya shamba lake kwa ufuta, si kwa ajili ya fedha, bali wanafunzi wajifunze kukausha juu ya turubai, kupepeta na kupanga madaraja. La pili: sisi wanafunzi wa zamani tulio bandarini, forodhani, katika vyama vya ushirika na maofisini, kila muhula mmoja wetu aje kueleza kazi yake kwa saa moja, na aje na nyaraka zenyewe mkononi. Mtoto aliyekwisha kuona cheti cha uasili hatadanganywa na dalali. La tatu: atakayetaka kujifunza Kichina asichekwe. Zipo shule na vyuo nchini vinavyokifundisha. Wazee wetu walipoelewana na mafundi wa reli kwa ishara za mikono waliweza kujenga. Kwa kupatana bei, ishara za mikono hazitoshi.

Ndugu Mwenyekiti, hapa Kivukoni tulizoea pantoni. Tangu Mei 2018 tuna daraja la mita 384, na asiyekuwa na kitu cha kupeleka ng'ambo hulivuka mikono mitupu sawasawa na aliyevuka kwa mtumbwi. Daraja, reli na ushuru uliofutwa ni njia tu. Mzigo ni kazi yetu wenyewe.

Naona pilau liko tayari.