Fardhi Kifaya Katika Mji Mdogo



Mwenyekiti, ustadh wetu, wazee na mama zetu, ndugu zangu vijana. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha Ramadhani nyengine. Rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.). Amma baad.

Madrasa sote tulifundishwa fardhi kifaya: wakiifanya baadhi, waliobaki wamesameheka, wakiiacha wote, wote wana dhambi. Kuosha maiti, kumkafini, kumswalia, kumzika. Tulikariri, tukapasi mtihani, yakaisha. Lakini somo lile lina sehemu ya pili ambayo watu huipita mbio: pale ambapo mwenye uwezo ni mmoja tu, kwake yeye inakuwa fardhi aini, kama swala tano.

Sasa pigeni hesabu ya hapa Ogwedhi. Nairobi ninakosoma, nisipokwenda Ijumaa Msikiti wa Jamia, safu zitajaa vile vile. Hapa nikikosa, pengo laonekana. Na sisi tuliosomeshwa fiqhi ya Imam Shafi twajua kauli yake mashuhuri kuwa Ijumaa yataka wanaume arubaini wakaazi. (Mahanafi wanatosheka na wachache zaidi, lakini hilo namwachia ustadh, nisije nikazua mjadala kabla ya futari.) Mjini arubaini ni kitu gani? Kwetu ni kuhesabu vichwa.

Dada zangu, nyinyi jambo hili lawagusa zaidi. Akifariki mama usiku, ataoshwa na nani? Wanaojua ni wawili watatu, na umri umekwenda. Wasipokuwepo itabidi tumtafute mtu Migori, aje kwa pikipiki, mvua hiyo, na maiti angoja.

Kuna wanaosema, "Mimi sina elimu, nitatoa nini?" Yule mama aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (wapokezi wametofautiana, huenda alikuwa kijana) alitoa nini? Ufagio tu. Alipofariki, masahaba waliona jambo lake ni dogo, wakamzika bila kumwarifu Mtume. Mtume alipomkosa akamuulizia, akataka aonyeshwe kaburi, akamswalia pale pale. Imo katika Bukhari na Muslim.

Na kuuliza pia ni mchango. Kwenye darsa tunanyamaza kimya, tukishavaa viatu nje ndio maswali yamiminika! Siku za Badr, Ramadhani ya mwaka wa 2 Hijria, Waislamu walikuwa mia tatu na kidogo. Waandishi wa sira wanasimulia kuwa Hubab bin Mundhir alimuuliza Mtume kama kituo walichopiga kambi ni amri ya wahyi au ni rai. Alipojibiwa ni rai, akatoa yake: wasogee hadi kwenye visima. Wakasogea.

Basi leo baada ya futari daftari liko kwa katibu. Twataka vijana wanne wa kiume na wanne wa kike wajifunze kuosha maiti kabla ya Idd, na wengine wa kupima fitri. Sisi tunaorudi vyuoni tuandike na tarehe tutakazokuwepo. Asiyejua kuandika amtume mwanawe.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum.