Hati Kwanza, Tofali Baadaye
Hotuba ya Kamati ya Uwekezaji katika Mkutano Mkuu wa Mwaka

 

Tumeombwa kuzungumzia viwanja na nyumba za kupangisha. Sababu mnaifahamu. Mashamba yetu ya milimani yamegawanywa toka kwa babu hadi kwa mjukuu mpaka yamebaki vipande. Kijana akipata fedha yake ya kwanza Dar es Salaam, anawaza kiwanja Chanika, Kigamboni au Mkuranga. Chama nacho kimeletewa pendekezo: tununue kiwanja, tujenge fremu za biashara, pango liwe linahudumia bweni la wasichana ili tusitembeze bakuli kila mwaka.

Tunaliunga mkono pendekezo hilo. Lakini anayeanza huanguka katika mambo yale yale, awe mtu mmoja au chama kizima. Tuyapitie.

La kwanza ni karatasi. Wengi hununua kwa maneno ya dalali na muhuri wa serikali ya mtaa. Muhuri ule unaonyesha kwamba mmeuziana mbele ya mashahidi. Hauthibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye mali. Kama kiwanja kina hati, ombeni upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla ya kutoa hata kishika uchumba. Huko ndiko mtakapojua kama kimewekwa rehani benki au kina zuio. Kama ni ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji lazima ihusishwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka utaratibu wake. Kama ni nyumba ya familia, mwenzi wa muuzaji aridhie kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na kama ni mali ya marehemu, mwuzaji aonyeshe barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi.

La pili ni mahali penyewe. Kiwanja cha bei poa kina sababu yake. Nendeni mkakione masika, si kiangazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwakuta watu wa bonde la Msimbazi majumbani mwao. Mwaka 2017 nyumba za kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, zilibomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Ofisi ya mipango miji ya halmashauri itawaambia eneo limepangiwa matumizi gani. Kuuliza hakugharimu kama kubomolewa.

La tatu ni hesabu. Tuseme tumetumia shilingi milioni 40 kwa kiwanja na fremu nne, kila moja pango la shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 4.8. Lakini kila fremu ikikaa tupu miezi miwili, inabaki milioni 4. Toa kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani shilingi 400,000. Toa ukarabati, mlinzi na kodi ya majengo, tuseme shilingi 800,000. Zimebaki milioni 2.8. Kwa mwendo huo fedha yetu itarudi baada ya miaka zaidi ya 14. Hiyo si hasara, ila si utajiri wa haraka. Anayejenga kwa mkopo wa miaka mitatu akitegemea pango lilipe, anajitafutia pagala: kuta zimesimama, bati hakuna, na benki inadai.

La nne ndilo linalotugusa zaidi kama chama. Hati itaandikwa jina la nani? Kiwanja cha kikundi kikiandikwa jina la mwenyekiti au mweka hazina kwa kuwa tunamwamini, siku Mungu akimchukua kinaingia kwenye mirathi yake. Watoto wake hawatakuwa na kosa. Karatasi inasema ni mali ya baba. Dawa ipo: chama kiwe na Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA, na hati itoke kwa jina la bodi hiyo. Viongozi watapita, mali itabaki.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Wadhamini wasajiliwe kwanza, kabla ya kutafuta kiwanja. Mfuko wa kiwanja uwe na akaunti yake, na kila anayechangia apewe stakabadhi. Na fedha ya bweni isiguswe hata shilingi moja kwa ajili ya kiwanja. Wasichana wetu wanaopanga vyumba karibu na shule hawawezi kusubiri miaka 14.

Ndugu zetu, leo tunachangia bweni. Ahadi mnayoandika kwenye kadi, iwe ya tofali moja au ya bati kumi, tuitimize. Tukimaliza hilo kwa uaminifu, la kiwanja litakuwa jepesi.