Umeme Unaovuja Kimya
Mazungumzo na watumiaji wa umeme, Mwanza



Tumezoea kusema nyumba ina hitilafu pale taa zinapozimika. Leo tunapenda kuzungumzia hitilafu isiyozima kitu: umeme unaovuja kutoka waya uliochakaa ukutani, huku taa zikiwaka na jokofu likipoza kama kawaida.

Hapa Mwanza jambo hili lina uzito wa pekee. Nyumba zetu nyingi zimesimama juu ya miamba. Fimbo ya ethi, ambayo kazi yake ni kupeleka ardhini umeme uliovuja, haizami kwa urahisi mwambani, nao mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri. Fundi asiye makini huikata au huifukia juujuu. Hapo umeme uliovuja hauwi na nguvu ya kuangusha breka. Hubaki kwenye bodi la jokofu, ukimngoja mtoto aliyetoka kuoga, miguu mitupu.

Mkigusa jokofu au bomba la maji mkahisi msisimko, msiuzoee. Zimeni swichi kuu mara moja na kumwita fundi.

Pasipo msisimko, mita ya LUKU yaweza kuwa shahidi. Chomoeni vifaa vyote, zimeni taa zote, ila swichi kuu iacheni imewashwa. Tazameni mita kwa robo saa. Uniti zikiendelea kupungua, zimeni breka moja baada ya nyingine. Ile ambayo ikizimwa mita hutulia, ndiyo yenye njia mbovu, iacheni imezimwa. Ikiwa mita haitulii hata swichi kuu ikizimwa, toeni taarifa TANESCO. Lakini mita kutulia si hati ya usalama, kwani uvujaji mdogo hauonekani kwa muda mfupi, na kasoro yaweza kuwa ndani ya kifaa mlichochomoa.

Kazi yenu inakoma hapo. Msifungue soketi wala kubomoa ukuta. Iteni fundi mwenye leseni ya EWURA, na leseni hiyo muione kwa macho. Mtakeni apime kinga ya nyaya na ukinzani wa ethi kwa kipimo, kisha awaonyeshe namba. Penye mwamba, aweza kuunganisha fimbo kadhaa, au kutafuta mahali penye udongo wenye unyevu. Mwulizeni pia juu ya breka inayokata umeme unapovuja. Ya kulinda maisha ya watu huwa ya miliampia 30.

Wapangaji, mwandikieni mwenye nyumba mara muonapo dalili, na nakala ibaki kwenu.