Vita ya Wengine, Jasho Letu

Wandugu wa kambi na wa mji, watu wanatuambia vita ya wakubwa inapandisha bei ya shaba, basi tufurahi. Sisi makarani tunaoandika hesabu tunauliza: inapanda kwa faida ya nani?

Tukumbuke vita ya 1940 mpaka 1945. Kongo iliingizwa ndani pasipo mtu kutuuliza. Askari wetu walipelekwa kupigana Abisinia. Mwaka 1942 kazi ya lazima vijijini iliongezwa toka siku 60 mpaka siku 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa porini kugema mpira. Huko Elisabethville, ni kusema Lubumbashi ya leo, mwezi wa 12 mwaka 1941, watu wa kazi waliomba mshahara uongezwe, maana vitu sokoni vilikuwa ghali. Walijibiwa kwa risasi, katika uwanja wa michezo.

Na mawe ya Shinkolobwe? Zaidi ya tani 1,000 zilipelekwa New York mwaka 1940. Mawe ya shimo lile yaliingia katika bomu la Hiroshima, 1945. Waliochimba hawakuulizwa.

Kwa hiyo tunasema: tuuze shaba kwa kila mwenye kulipa vizuri, lakini tusiwe askari wa mtu. Tusikope bunduki, maana deni lile litakatwa katika mshahara wetu. Na kama serikali yetu wenyewe itataka kulazimisha vijana kwenda vitani, tutaikatalia vile vile. Wakubwa wengine wa chama hawapendi neno hili la mwisho. Katika mkutano ujao tutaomba liandikwe.