Hadhari ya Bunduki za Kushindilia

Leo nataka kusema nanyi habari ya gobori. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki mpya zisiletwe kwa watu wa sehemu kubwa ya Afrika, bali uliacha mlango kwa gumegume. Ndiyo sababu moja bunduki za kushindilia zilikaa siku nyingi mikononi mwa babu zetu.

Hatari yake kubwa ni ule mtambo wa nje upigao fataki. Ukiulaza juu ya fataki, kisha bunduki ikaangukia jiwe, au tawi likauvuta mtambo na kuuachia, baruti huwaka pasipo kidole kugusa kitu. Nanyi mwazijua njia za Meru, utelezi na vichaka. Wengine huutegemea mtambo unaposimama katikati, umenaswa na jino dogo. Lakini jino la bunduki kongwe likiisha kulika huachia. Hata Marekani, wenye bastola za Colt za mwaka 1873, zenye matundu sita, waliokuwa na busara walitia risasi tano tu, mtambo ukalala juu ya tundu tupu. Kiwanda cha Ruger kilianza kutia kipande cha chuma cha kuzuia ajali hiyo katika bastola za namna ile mwaka 1973. Miaka mia kamili!

Gobori halina tundu la kuacha tupu. Basi fataki na ikae mfukoni mpaka mnyama ameonekana waziwazi. Akikimbia, na akimbie.

Ukungu wa mlimani huloweka baruti. Mtambo ukipiga na mlio usisikike, usichungulie mdomo wa bunduki. Ielekeze pasipo mtu, ungoje dakika nzima, ndipo uondoe fataki. Wala baruti ya risasi za kisasa usiishindilie kamwe: hupasua kasiba.

Leseni ya bunduki si ruhusa ya kuwinda. Hiyo ni leseni nyingine. Na Ngurdoto, iliyofanywa hifadhi mwaka 1960, pamoja na sehemu ya Mlima Meru iliyoongezwa mwaka 1967, zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambamo hakuna kuwinda kabisa.

Nyumbani, gobori lifungiwe likiwa tupu. Kasiba ikiwa tupu, tumbukiza mdeki hata chini, ukautie alama penye mdomo. Siku nyingine alama ikisimama juu ya mdomo, ujue ndani mna kitu.