Kalamu Nayo Hubagua: Funzo la Hati za Nyumba za Marekani



Tukitaja ubaguzi wa rangi, wengi wetu hufikiria kiboko na mbwa wa polisi. Leo napenda tuzungumzie ubaguzi uliotendwa kwa kalamu na mhuri.

Mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani iliikataza miji kutunga sheria za kuwatenga watu weusi kimtaa. Wenye nyumba Wazungu na wafanyabiashara wa ardhi wakazidi kushika njia nyingine: kutia katika hati za nyumba masharti kwamba asiuziwe wala kupangishwa mtu mweusi. Walidai kuwa hayo ni mapatano ya watu binafsi, Serikali haimo.

Je, kweli haikuwamo? Aliyeyasajili masharti hayo ni karani wa Serikali. Aliyeyatekeleza ni hakimu. Na Idara ya Nyumba ya Serikali Kuu, iliyoundwa mwaka 1934, iliyapendekeza katika mwongozo wake wa kudhamini mikopo.

Mwaka 1945, mjini St. Louis, J. D. Shelley na mkewe Ethel, Wamarekani Weusi, walinunua nyumba iliyofungwa na sharti la mwaka 1911. Majirani wakawashtaki ili watolewe. Mwaka 1948 Mahakama Kuu iliamua kwamba mahakama haziwezi kutekeleza masharti ya namna hiyo. Hata hivyo, hayakupigwa marufuku mpaka ilipotungwa Sheria ya Nyumba ya mwaka 1968.

Lakini madhara yangalipo. Kwa Mmarekani wa kawaida, nyumba ndiyo akiba yake kubwa. Aliyeruhusiwa kununua aliwarithisha watoto wake mali. Aliyezuiwa alilipa kodi ya pango mpaka akafa. Uchunguzi wa Benki Kuu ya nchi hiyo wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa familia ya Kizungu ya hali ya kati ilikuwa na mali ya dola 285,000, na ya watu weusi dola 44,900. Masharti hayo siyo sababu pekee, lakini yamo. Shule nazo hupata sehemu kubwa ya fedha zake kutokana na kodi ya majengo; hivyo mtaa ulionyimwa mali huinyima na shule yake.

Ndugu zangu, karani yule hakumpiga mtu. Alifungua daftari, akaandika, akagonga mhuri, akaenda nyumbani kula. Sisi nasi hushika kalamu kila siku. Basi tuisome karatasi kwanza, tujiulize itamfunga nani, ndipo tuitie sahihi.